Shina la Kipimo

Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba mama mkwe wangu anavuna mihogo kwa macho tu. Alikuwa akitoka mlangoni asubuhi, mikono nyuma, anazunguka shamba mara moja kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea, halafu anarudi na kusema, "Kesho." Kesho yake tunachimba, na mihogo inatoka minene, mikavu, ukiuvunja mmoja unalia ka! Nikimuuliza amejuaje, ananijibu kwa maneno mawili: "Utajua tu." Maneno hayo yalinikera kuliko tusi. Mtu anayekujibu hivyo ama anakuficha kitu ama anakuona bure, na mimi nilishaamua kuwa Mama ananifanyia yote mawili.

Kisha kiharusi kikampata. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Mihogo iliyokuwa shambani wakati huo ilikuwa na miezi minne, aliipanda yeye mwenyewe, kipande kwa kipande. Miezi saba iliyofuata hakusema neno. Asubuhi tulimwogesha, tukamkalisha kwenye kiti cha mlango wa nyuma, fimbo yake yenye kiatu cha mpira magotini, chupa ya chai pembeni, na jirani akimchungulia kila alipopata nafasi. Tukirudi kazini tulimkuta pale pale, analitazama shamba. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, maana alikuwa ameondoka na siri yake huku bado amekaa mbele yangu.

Shamba lenyewe si kubwa. Linaanzia nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa bafu, na kuishia ukingoni mwa shimo la Bwana Matofali. Huyo ni mfyatua matofali aliyekikodi kiwanja cha jirani yetu, akakichimba mpaka kikabaki bwawa la maji ya kijani ambalo mbuzi wanatumbukia. Udongo wetu chini ni mfinyanzi, naye anaujua. Kila akipita anakanyaga kwa kisigino, anatikisa kichwa kwa utamu, kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi.

Mwenye sauti juu ya ardhi ile ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mwalimu wa hesabu, na sote tunamwita Mwalimu, hata mama yake. Wiki mbili baada ya Mama kuugua alikuja, akakaa, akafuta miwani, akasema:

"Shemeji, tusidanganyane. Aliyekuwa analijua shamba ni Mama, na Mama ndiyo huyu hapa. Wewe ni fundi cherehani. Mdogo wangu anachomelea mageti. Nani atalima?"

"Mimi," nikasema.

"Utajuaje siku ya kuvuna? Ukivuna mapema, vijiti. Ukichelewa, mvua inaingia, mihogo inajaa maji, kiwanda hakiitaki. Tukimkodishia Bwana Matofali, presha hiyo hakuna."

Mdomo ukanitangulia. "Nipeni mavuno haya. Yakinishinda, mpeni huyo Bwana Matofali wenu achimbe mpaka ajikute upande wa pili wa dunia."

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalishatoka. Mwalimu akapenda, maana yeye hupenda jambo likiwa na namba. Akasema tutafuata kipimo cha Mama mwenyewe: shina la kipimo likitoa mihogo sita au zaidi, shamba linabaki mikononi mwangu. Likitoa chini ya sita, mkataba unasainiwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake anasikia kila kitu. Jicho lake la kushoto lilitoka machozi, na mimi nikamfuta bila kumwangalia usoni.

Shina la kipimo ni mambo ya Mama. Kila msimu alichagua shina moja la katikati ya shamba, si la pembeni linalopata jua la bure, akalifunga kitambaa chekundu. Hakuna mtu kuligusa mpaka siku yake. Siku hiyo familia nzima inasimama kulizunguka, Mama analing'oa, tunahesabu mihogo, anavunja mmoja, anatafuna kipande. Shina hilo likiwa zuri, shamba zima linavunwa kesho yake. Likiguswa kabla, alisema Mama, limeshaharibika, halisemi kweli tena. Kitambaa cha msimu ule nilikikata mimi kwenye mabaki ya sare za shule, naye akakifunga kwa mikono yake yote miwili, ilipokuwa bado miwili.

Basi miezi ikafika kumi na moja, na wasiwasi ukahamia kwangu na mizigo yake yote.

Dalili za mhogo uliokomaa zinajulikana. Majani ya chini yanageuka njano na kupukutika. Ardhi kuzunguka shina inapasuka kwa sababu mihogo inanenepa na kuisukuma. Mimi nilikuwa na majani ya njano, na nilikuwa na nyufa. Lakini kiangazi kilikuwa kikali, na jua peke yake linaangusha majani, na jua peke yake linapasua ardhi. Nilichuchumaa mbele ya ufa mmoja nikautazama mpaka miguu ikafa ganzi, nikijaribu kujua umepasuliwa kutoka chini au kutoka juu. Mume wangu alinikuta hapo.

"Fundi," akaniita, maana tunaitana hivyo, fundi kwa fundi. "Unaongea na nani?"

"Na ufa."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Ana tabia za mama yako."

Akacheka, lakini kicheko kikafia njiani. Niliona anavyolitazama lile shina lenye kitambaa chekundu. Naye alikuwa halali vizuri, nilimsikia akijigeuza.

Kazini ndiyo kabisa. Tupo mafundi sita chumba kimoja, mashine zimepangwa mbili mbili, na yangu iko karibu na mlango. Wenzangu walidhani ni bahati. Kwangu ilikuwa adhabu, kwa sababu kila nikiinua kichwa naliona wingu. Nilishona mkono wa kulia wa shati mahali pa mkono wa kushoto. Nilishona mfuko ukafunga juu, mtoto wa watu angeweka wapi kalamu? Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye kucheka kwa bega, akaniinulia lile shati mbele ya wote.

"Hii ni sare ya shule gani? Ya wasioweka kitu?"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka pia, jicho likiwa kwenye wingu.

Kiwanda cha unga kilikuwa kimeshanipigia mara mbili. Dada wa kiwandani alizungumza kwa adabu na haraka: lori linapita upande wetu Jumamosi hii, na likishapita halirudi mpaka mwezi uishe. Alitaka jibu Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, ndiyo au hapana. Mwezi ukiisha mvua ingekuwa imeshaingia. Mvua ikiingia, mhogo unachipua majani mapya, na majani hayo yanakula unga wote uliokuwa chini, kinachobaki ni maji na nyuzi. Na kile kilima chetu chekundu hakuna lori linalokipanda kikiloa. Redio moja ilisema mvua wiki ijayo. Redio nyingine ilisema mvua zimechelewa mwaka huu, wakulima wasiwe na haraka. Nilizima zote mbili.

Sasa niseme nilichofanya, nisijifanye malaika.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya ile Alhamisi. Nilirudi kutoka kazini saa nane mchana, Mama amesinzia kwenye kiti, kidevu kifuani. Nikapita mbele yake kwa vidole. Nikaenda moja kwa moja katikati ya shamba, nikapiga magoti mbele ya shina la kipimo, nikaanza kufukua kwa mkono upande mmoja. Ningeweza kuchimba shina lolote jingine. Lakini jingine lingenisaidia nini? Mihogo itakayohesabiwa ni ya lile. Nikaupapasa mhogo, nikaufuata mpaka ulipoungana na shina, na kwa kuwa sikuwa na kisu, nikatoa mkasi wangu wa kazi. Fundi cherehani akisikia hivyo ataziba masikio. Mkasi wa nguo hautumiwi kukatia hata karatasi, mimi nikakatia mhogo. Kisha nikarudisha udongo, nikaupapasa, nikatawanya majani makavu juu.

Mhogo wenyewe ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono wangu. Nikauvunja. Ukalia ka, lakini ka ya kusitasita. Nikaona unyevu kwenye kidole. Je, ni maji ya mhogo au ni jasho langu? Nilitafuna kipande, nikasikia utamu, nikasikia na unga, halafu nikasema labda nausikia unga kwa sababu nautaka. Nilisimama pale na nusu mhogo mkononi bila kujua zaidi ya nilivyojua kabla ya kufukua. Nikauficha kwenye mkoba wa kazi, nikausahau siku tatu, ukaanza kuwa na michirizi myeusi na kunuka. Mwenye duka akauliza nani kaja na panya.

Nililipata nililokuwa nalitafuta: hofu juu ya hofu. Shina la kipimo lilikuwa limepungua mhogo mmoja, na kama lilikuwa na sita basi sasa lina mitano, na mwizi ni mimi.

Alhamisi ikafika. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Mwalimu alikuja saa tatu asubuhi na miwani yake safi. Nyuma yake alikuja Bwana Matofali, eti anapita tu kusalimia. Alikuwa na karatasi zimekunjwa kwenye mfuko wa shati, na wino wa kalamu umemvujia kifuani. Mume wangu alikuwa hajaenda kazini. Mimi niliomba ruhusa, na mwenye duka alinipa upesi mno, nadhani kwa kuyahurumia mashati. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anatutazama kwa mbali.

"Haya, shemeji," Mwalimu akasema. "Shamba lako."

Nilifungua kitambaa chekundu. Niling'ang'ana na fundo ambalo ningelifungua nikiwa nimefumba macho. Nikashika shina kwa chini, nikalitikisa kulia na kushoto, nikavuta. Lilikuja mara moja. Shina la mhogo lililobeba haliji hivyo, linabishana na wewe. Hili lilitoka kama jino bovu, nami nikakaa chini kwa matako.

Mihogo miwili. Mmoja mwembamba kama mpini wa mwiko, wa pili mfupi.

Mwalimu alihesabu, ingawa hata asiyekwenda shule angeona ni miwili. Mume wangu aliangalia angani. Bwana Matofali alitoa pole moja ndogo, ya adabu, kisha akageuka na kuanza kutembea kutoka kwenye bafu kwenda kwenye shimo lake kwa hatua ndefu zilizolingana. Alikuwa anapima. Kisigino chake kilizama kwenye udongo wa Mama, hatua kwa hatua, na kila hatua niliisikia kifuani.

"Shemeji, pole," Mwalimu akasema. Sauti yake haikuwa ya furaha, na hilo lilinishangaza. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema.

Nililiinua lile shina nipate kitu cha kushika. Hapo ndipo nilipoliona kovu langu. Mkasi haukati kama kisu, unabana kutoka pande mbili, na katikati palikuwa na mstari mdogo pale makali yalipokutana. Lilikuwa limekauka, limekuwa kahawia. Nililifunika kwa kidole gumba haraka. Na nilipolifunika hilo, nikaliona la pili.

La pili lilikuwa na michirizi midogo midogo iliyopangana, kama ya meno ya msumeno wa chuma. Nikamtazama mume wangu, bado yuko angani na mawingu yake. La tatu lilikuwa limekatwa mshazari, safi, laini, kwa kitu chembamba chenye makali. La nne lilikuwa halikukatwa kabisa. Lilikuwa limenyongwa mpaka likang'oka, nyuzi zimening'inia.

Nilijua pale pale nilichotakiwa kufanya, na sikutaka kukifanya. Nikisema, Mwalimu ataniuliza umejuaje kwamba hili ni lako, na mbele ya Bwana Matofali nitakuwa mwizi wa shina nililopewa kulilinda. Nikinyamaza, mambo yanaisha kwa heshima, na mwezi ujao kutakuwa na shimo mpaka mlangoni, Mama amekaa anatazama maji ya kijani. Bwana Matofali alikuwa amefika ukingoni, anarudi, midomo inahesabu.

"Lilikuwa na mihogo zaidi," nikasema. "Niliiba mmoja."

"Unasema?" Mwalimu akauliza.

"Niliukata kwa mkasi. Wiki mbili zilizopita. Hofu ilinishinda, nikaja kuchungulia. Hili hapa kovu lake, angalia. Na ukishaangalia langu, angalia na haya mengine matatu, maana mimi sina msumeno."

Mume wangu alishuka kutoka mawinguni.

"Fundi," akasema polepole, "nilikuwa na kipande cha msumeno mfukoni. Kisu sikukiona."

"Lini?"

"Jumanne ile uliyokwenda kununua nyuzi. Nilitaka nikija kukwambia usiogope, niwe na hakika. Nikauonja, sikupata hakika yoyote. Nikanyamaza."

Nilitaka kumpiga na lile shina, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata moja, kwa sababu Mwalimu alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa shati, na ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Ule wa mshazari," akasema, bila kumtazama mtu, "ni wembe. Wa kuchongea penseli."

"Kaka!" mume wangu akasema.

"Nilikuja Jumapili, mkiwa hamko nyumbani. Nimekula mihogo ya shamba hili tangu sijaota meno. Mnadhani nalala nikifikiria shimo? Nilitaka tu kuona kama sita itafika." Akavaa miwani. "Nikatoa mmoja kuonja."

"Mwalimu wa hesabu," nikasema. "Umeweka sita, halafu ukatoa mmoja."

"Nilijua nimetoa mmoja. Sikujua kuna watoaji wengine."

Bwana Matofali alikuwa ameshafika karibu na kusikia. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia msiba usio wake. "Miwili na mitatu, mitano," akasema. "Bado haijafika sita."

Mwalimu alilichukua shina mkononi mwangu na kuligeuza. Akaligusa lile kovu la nne, lililonyongwa. "Na hili ni la nani?"

Mimi nilimtazama mume wangu, mume wangu akamtazama kaka yake. Tuliinama wote watatu. Kwenye vumbi laini, kati ya mistari miwili ya mihogo, kulikuwa na alama za duara, kila moja sawa na kitako cha kikombe. Pembeni ya kila duara palikuwa na mburuzo, kama mtu anayevuta mguu. Zilitoka kwa mbali, zikazunguka shina la kipimo, zikarudi zilikotoka. Tukazifuata kwa macho mpaka mlango wa nyuma, mpaka kwenye fimbo yenye kiatu cha mpira. Mama alikuwa ametulia kwenye kiti, anaangalia upande mwingine kabisa.

"Mama anatembea," mume wangu akasema. Akarudia kwa sauti ndogo, "Mama anatembea."

"Sita," Mwalimu akasema. Na hapo ndipo alipomgeukia Bwana Matofali na kumwomba atusamehe kwa kumsumbua. Yule bwana alikunja karatasi zake, lakini hakuondoka. Akakaa kwenye ukuta wa bafu kungoja tushindwe na hilo lililobaki.

Maana shamba lilikuwa limepona kwenye hesabu tu. Jibu la kiwanda lilikuwa bado, na ilishafika saa nne na nusu. Tuling'oa shina la pembeni yake, ambalo hakuna aliyelionea wivu. Lilibishana na sisi wawili kabla ya kutoka, na lilikuwa na mihogo minane. Mwalimu akapata tamaa papo hapo. Akasema ikingoja wiki tatu itanenepa zaidi, redio imesema mvua zimechelewa. Mume wangu akasema yeye hana la kusema, shamba ni la fundi. Wakanitazama. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, na upande mmoja, chini kabisa, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba ambao ungeweza kuwa wingu au moshi wa tanuru la matofali.

Niliuchukua mhogo mmoja nikaenda kwa Mama.

Nilikaa chini, kwenye saruji, mgongo kwenye kiti chake. Chini ya mto aliokalia niliona kitambaa kimefungwa, nikakivuta, hakunizuia. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mhogo kimetafunwa upande mmoja, upande wa meno yanayofanya kazi.

"Mama," nikasema, "nimekuwa nikikulaumu. Ulisema nitajua tu. Nimetazama majani, nimetazama nyufa, nimeiba, nimeonja. Sijui. Leo ndiyo siku yenyewe na sijui chochote. Nikisema wavune na ikawa bado, nimekosa. Nikisema wangoje na mvua ikaja, nimekosa. Niambie. Inamisha kichwa tu, ndiyo au hapana."

Hakuinamisha kichwa. Alinyanyua mkono wa kushoto, akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame. Mdomo wake ukahangaika, upande mmoja ukivuta na mwingine ukigoma. Nilisikia pumzi, kisha sauti.

"Ha," akasema. "Ha-ta."

"Hata nini, Mama?"

"Hata mimi."

Kisha alinionyesha mkono wake wa kushoto, akautandaza mbele ya uso wangu. Kucha zote zilikuwa na udongo. Taratibu, kwa kuteseka, akaupeleka nyuma ya mgongo wake.

Nikamwona asubuhi zote zile za miaka kumi na moja, anarudi kutoka shambani, mikono nyuma, anasema "Kesho" kwa sauti ya hakimu. Alikuwa anaficha kucha. Alikuwa ameshatoka kabla hatujaamka, akapiga magoti, akafukua, akaiba shina lake mwenyewe, akaonja, akabaki hajui. Halafu akasimama mbele yetu na kusema kesho, kwa sababu lazima mtu mmoja aseme. Nililia, nikacheka, nikamlalia magotini, na mkono wake wenye udongo ukanichafua nywele.

Hofu haikuondoka. Naapa haikupungua hata kidogo. Lakini niliacha kuingojea iondoke. Nilipiga simu kiwandani saa tano na dakika kumi, nikamwambia yule dada, "Leteni lori."

Ijumaa tulichimba kutwa, sisi watatu, jirani na mafundi wawili wa duka letu waliokuja kwa ajili ya kunicheka na wakaishia kushika jembe. Mashina mengine yalitoa mihogo tisa, mengine minne, hakuna lililolingana na jingine. Jumamosi lori lilisema saa mbili likafika saa tisa, na katika saa hizo saba nilikonda. Ule mstari mweusi ulikuwa umepanda, umekuwa ukuta. Mpimaji wa kiwanda aliuchagua mhogo mmoja chini ya rundo, si juu, akauvunja kwenye goti lake. Ka! Akaangalia ndani, mweupe pe, akatupa vipande na kusema pakieni.

Tone la kwanza lilinipiga shingoni lori likiwa katikati ya kilima. Liliserereka kidogo, likanguruma. Kisha likapanda, likapotea upande wa pili, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Bwana Matofali alikuja kukimbilia chini ya paa letu, shimo lake nyuma yake linajaa.

"Dada yangu," akasema, anakung'uta shati, "niambie ukweli. Ulijuaje kwamba ni leo?"

Nilisikia Mama akikohoa kwenye kiti chake, kikohozi kisicho na ugonjwa. Nikarudisha mikono yangu nyuma.

"Nimejua tu," nikasema.

Tumeshapanda msimu mwingine. Katikati ya shamba nimelifunga kitambaa chekundu shina la kipimo, na hapa na pale nimepanda manne mengine ya wezi, kila mmoja na lake, ili lile moja lisiguswe. La Mwalimu liko karibu na barabara, la mume wangu nyuma ya bafu, langu pale ninapopita nikitoka kazini. La Mama nimelipanda hatua tatu kutoka mlangoni, asichoke kutembea.